Goti Jipya la Dafroza

Kirua Vunjo
18 Februari 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute umetulia hapo Sumbawanga, presha imeshuka na yule mjukuu wako mtundu hajavunja kitu kingine. Huku tupo. Jua ni kali mpaka maua ya kahawa yamenyauka kabla hatujayafurahia, na maji ya mfereji tumerudi kuyapata kwa zamu. Stanley anashuka Kahe kila Jumatatu kwenye vitunguu vyake, akirudi Ijumaa amechomwa na jua hata mwanangu mwenyewe simjui. Mkewe Joyness hajambo, watoto wanasoma. Ng'ombe wa jirani yetu Filemon alikufa, tukaenda kumpa pole, akalia kuliko alivyolia kwenye msiba wa mama mkwe wake.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua. Nikisema "haloo" tu, Stanley anaweka spika, kila mtu anakuja kukusalimia, na nilichotaka kusema kinabaki mdomoni.

Dada, ni goti. Mwezi huu limetimiza miezi sita tangu nibadilishiwe, na linaniuma. Siyo kule kusagika kwa zamani. Hili ni kama limefungwa kamba kwa ndani, na asubuhi ndiyo balaa. Tena halikunjiki. Kanisani nakaa pembeni ya benchi, mguu umenyooka njiani, wanaokwenda komunyo wananiruka. Jumapili iliyopita katekista alijikwaa akasema "Tumsifu Yesu Kristo" kwa sauti ambayo haikuwa ya sala hata kidogo. Habari za chooni sikuelezi.

Kwa daktari aliyenipasua nimerudi mara tatu. Anaangalia picha, anasema chuma kimekaa vizuri. Anauliza, "Mama, mazoezi unafanya?" Nasema nafanya. Anasema endelea. Narudi nyumbani na maumivu yangu yale yale. Sasa kama chuma kimekaa vizuri, kinachoniuma ni nini?

Huku kila mtu ni daktari. Filemon anasema nimewekewa saizi ya mwanamume. Mama mmoja wa jumuiya anasema chuma kinashika baridi ya mlimani, nihamie Kahe. Mwingine anasema ni feki, kwamba shemeji yake aliwekewa kama hilo likaanza kulia kama bawaba ya mlango. Namsikiliza kila mmoja na kila mmoja namwamini mpaka aje mwingine.

Usije ukafikiri sikutunzwa. Joyness amenitunza hadi naona haya. Miezi mitatu mguu wangu haukugusa sakafu. Asubuhi mtori, mchana supu ya kongoro, na hata mlaso, ile damu na maziwa tunayowapa wanawake waliojifungua, alijifunza kuutengeneza, yeye mtoto wa Singida aliyekulia kwenye kambi za wakata miwa. Alinibeba, akaniogesha kitandani. Watu walikuja kuniona wakasema Dafroza kajifungua uzeeni. Kwa hiyo kosa haliko nyumbani.

Nimesikia kuna daktari wa mifupa mjini Moshi, anaitwa Zaheer. Nataka aniangalie, lakini naona aibu. Kwenda kwa daktari wa pili si kumwambia wa kwanza hajui kazi yake? Wewe umekuwa nesi miaka thelathini na moja. Niambie niende au nitulie.

Mdogo wako,
Dafroza


Sumbawanga
14 Machi 2024

Mdogo wangu Dafroza,

Marahaba. Presha ipo, vidonge vipo, tunaishi wote watatu nyumba moja. Mjukuu amevunja redio. Mvua huku haikatiki, mahindi yamenipita kichwa, na paa la jikoni linavuja mahali papya kila wiki.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, sikungoja hata kukaa. Nenda! Daktari si mume kwamba ukienda kwa mwingine umemsaliti. Kila siku wodini nilikuwa naona daktari mmoja anaandika hivi, mwenzake anakuja anafuta. Hakuna aliyenuna. Chukua picha zote, chukua na karatasi ya kuruhusiwa, umwulize huyo Zaheer waziwazi: chuma ni cha saizi yangu? Kimenyooka? Mimi wasiwasi wangu wote uko kwenye chuma.

Neno moja tu. Mambo ya nyumbani usiyapeleke hospitali. Ulitunzwa vizuri, yamekwisha. Daktari anatibu goti, hatibu jiko lenu. Na Joyness msimsumbue na maswali, binti wa watu amehangaika vya kutosha.

Ningekuja mwenyewe nikushike mkono, ila hili paa. Najua unavyosema, kwamba tangu tumzike mama mwaka 2009 nina paa. Ni kweli linavuja, Dafroza.

Niandikie mara tu ukitoka kwa daktari.

Dada yako,
Hellen


Kirua Vunjo
29 Aprili 2024

Dada Hellen,

Shikamoo dada. Masika yamekuja kwa hasira, barabara ya kushuka lami ni tope tupu, migomba miwili imeanguka nyuma ya zizi. Watoto wana mafua. Stanley vitunguu vyake vimeoza nusu, nusu iliyobaki tunaila sisi, hadi chai inanuka kitunguu. Pole na paa.

Nilienda. Bodaboda siwezi kupanda na mguu huu, kwa hiyo Stanley alitafuta Noah, nikalazwa kiti cha nyuma kama mgonjwa wa ajali, Joyness akakaa kwenye ndoo. Kule mapokezi walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, mguu mbele, na kila aliyepita aliniambia pole. Nilipokea pole nyingi siku ile kuliko mwaka mzima niliofiwa na mume.

Huyo Zaheer ni kijana wa pale pale mjini, babu yake alikuwa na duka la vitambaa, pengine hata sare zetu za shule zilitoka kwake. Alinipa shikamoo akaniuliza habari za mlimani. Nikampenda. Halafu akalishika goti nikaacha kumpenda.

Ana kipimo kama kile cha hesabu cha watoto wa shule. Akapima, akasema linakunjika digrii arobaini na tano tu, wakati nilitakiwa niwe nimefika tisini au zaidi. Picha akazitundika kwenye taa. Akasema, "Mama, chuma ni kizuri, saizi yako kabisa, na aliyekuwekea alifanya kazi safi." Nikaona sasa nawehuka.

Akaniuliza, "Baada ya operesheni ulianza kusimama lini?"

Joyness alikuwa kando yangu amekumbatia mfuko wa picha. Nikamtazama usoni. Dada, mtoto yule alikuwa amekauka. Nikasema, siku ya tatu.

"Na goti ulikuwa unalikunja?"

Nikasema kila siku, asubuhi na jioni. Joyness akainamisha kichwa.

Daktari akarudi kwenye picha akazitazama muda mrefu. Wakanitoa damu, wakasema hakuna usaha. Mwishoni akasema, kama kweli nilifanya yote hayo na goti bado limekakamaa, basi kuna kitu ndani ambacho picha haikioni. Njia iliyobaki ni kufungua tena aangalie, na huenda chuma kikatolewa na kuwekwa kingine. Tarehe kumi na moja Julai. Hakunificha, alisema kwa umri wangu na sukari yangu si jambo dogo, mguu unaweza kuwa mzuri na unaweza kuwa mbaya kuliko sasa.

Sielewi chochote. Wa kwanza anasema chuma ni kizuri, nivumilie. Wa pili anasema ni kizuri sana, tukitoe. Nimetafuta maoni ya pili nimepata kichwa cha pili cha kuuma.

Nijibu hili moja, wewe uliyekaa wodini. Mtu asipokanyaga chini baada ya kupasuliwa, asilikunje goti, linaweza kuganda kweli? Nijibu hilo tu, mengine acha.

Mdogo wako,
Dafroza


Sumbawanga
27 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni na mafua. Wakamulie watoto ndimu kwenye maji ya moto. Hapa tumeanza kuvuna, nimepata vibarua wawili wanaokula kuliko wanavyofanya kazi. Mjukuu amepelekwa shule ya chekechea, amerudishwa siku hiyo hiyo. Mchungaji wetu mpya anahubiri saa mbili na nusu. Paa nimepata fundi, amekuja, ametazama, ameondoka na ngazi yangu.

Kuhusu goti, kila mwili una mambo yake. Kuna wanaotembea mapema wakaumwa na kuna wanaochelewa wakapona. Mimi nilikuwa nesi wa wazazi, mifupa siyo fani yangu. Kama huyo daktari anasema kufungua, pengine anajua anachokitafuta. Au pengine usubiri kwanza. Omba Mungu, nawe utaona moyo wako unakwenda wapi.

Nimekufungia kitenge na kilo mbili za maharage ya huku, yanaiva haraka.

Dada yako,
Hellen


Kirua Vunjo
10 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima, maharage yamefika, yanaiva haraka kweli, asante.

Sasa nikuulize: ile barua uliiandika wewe? Dada Hellen aliyenichapa kwa kiatu nilipoacha kumeza dawa ya malaria ananiambia niangalie moyo wangu unakwenda wapi? Nilikuuliza swali moja. Umenijibu mchungaji, fundi na ngazi. Machi uliniambia nikimbie kwa daktari, Mei unaniambia pengine nifunguliwe na pengine nisifunguliwe. Nisomeje hapo?

Basi nikueleze nisichomwambia mtu. Nilimdanganya daktari. Yule wa kwanza pia nilimdanganya, mara zote tatu. Sikusimama siku ya tatu. Nilisimama Novemba, miezi mitatu imekwisha, na nilipojaribu kulikunja goti lilikuwa gogo. Mazoezi ya kwenye karatasi ya hospitali sikuyafanya hata moja, nilidhani ni ya baadaye, mtu akishapona. Nani amewahi kumwamsha mzazi kitandani akamwambia aruke?

Kwa nini nadanganya, sikiliza. Joyness alipojifungua watoto wake wote wawili nilimweka ndani miezi mitatu mitatu, nikampikia, nikamwogesha, wala sikumwacha ainue sufuria. Nilipotoka hospitali akaniambia, "Mama, sasa ni zamu yangu." Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, kinataka kuona kama mtu wa kuja anaweza kumtunza mkwe wa Kichagga. Akaacha genge lake la nyanya sokoni ili anilee, na wateja wake wakachukuliwa. Leo nikasimame mbele ya daktari niseme goti limeharibika kwa sababu nilitunzwa sana? Atakwenda wapi na uso wake? Stanley atamtazamaje?

Wiki iliyopita nilimwuliza tukiwa wawili tu jikoni. Nikamwambia, mwanangu, ni nani aliyekuambia mguu usiguse chini? Akageukia sufuria akasema, "Hakuna, mama. Nilifikiri mwenyewe." Lakini ile sauti siyo ya mtu aliyefikiri mwenyewe.

Daktari ataniuliza tena kabla ya kunilaza. Nikisema kweli namvunja Joyness. Nisiposema nakatwa upya, na huenda nakatwa bure. Naogopa, dada. Naogopa kisu, naogopa kubaki na mguu wa gogo mpaka kufa, na sijui kama kuganda kwenyewe kulitokana na kitanda au kulikuwa kunakuja tu. Wewe unajua. Niandikie kabla ya tarehe kumi na moja Julai.

Dafroza


Sumbawanga
1 Julai 2024

Mdogo wangu Dafroza,

Leo sina salamu ndefu. Barua hii siiachii posta, nampa kondakta wa basi la Arusha mkononi, ampigie Stanley akifika Moshi.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Goti lisipokunjwa linaganda. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, uliposema mguu haukugusa sakafu miezi mitatu. Nilijua hata kabla ya hapo.

Joyness hakufikiri mwenyewe. Ulipokuwa bado hospitali aliniandikia. Anwani yangu aliitoa kwenye bahasha zako. Aliniambia, "Mama mkubwa, karatasi ya hospitali inasema mama asimame kesho yake na akunje goti, lakini anaumia sana na mimi naogopa, na majirani wanasema nitamuua. Wewe ni nesi, nifanyeje?" Nikamjibu siku ile ile. Nikamwambia karatasi hizo ni za watu wa mjini. Amweke mama yake ndani miezi mitatu kama mzazi, mguu usiguse chini. Nikamwambia na zaidi, asikutajie kwamba nimesema mimi, maana wewe kila ninalosema lazima ubishe. Amelitunza neno langu mpaka leo. Mbele ya daktari amekaa kimya kwa ajili yangu, na wewe umekaa kimya kwa ajili yake, na mimi huku nakuandikia habari za ngazi.

Usinitetee kwamba sikujua. Akina mama waliopasuliwa uzazi niliwasimamisha kesho yake, mimi mwenyewe. Walilia, walinitukana matusi ya nguoni, nikawasimamisha hivyo hivyo na wakatembea. Nilikuwa najua kazi yangu.

Nimejiuliza kwa nini na sipati jibu moja. Ulipopasuliwa sikuja. Mume wako alipokufa sikuja. Miaka kumi na tano hakuna mtu wa Kirua aliyeniuliza jambo lolote la nyumbani, mnanitumia habari likishakwisha. Halafu ikaja barua ya huyu binti inayosema nifanyeje. Dafroza, nilifurahi. Nilikaa na kalamu, na sikujibu kama nesi. Nilijibu kama ambavyo mama angejibu. Nilitaka nisikike nikiamrisha kwenye nyumba ile kama mkubwa, hata kama ni kwa karatasi. Na nilipoandika nilikuona umelala, mtori unanukia, na mimi nipo.

Ulipoanza kulalamika nikakitupia chuma lawama, chuma ambacho sikukiona. Ulipotajiwa kisu nikashikwa na hofu, nikakuandikia upuuzi ule. Na hiyo barua yako ya mwisho nimekaa nayo siku nane.

Mwambie daktari kweli yote kabla hajakulaza. Taja jina langu. Joyness asiguswe.

Hellen


Kirua Vunjo
3 Julai 2024

Dada Hellen,

Shikamoo. Sijapata neno kutoka kwako, nahesabu labda posta, labda unaumwa, labda umenikasirikia. Kanga tatu, beseni na biblia nimeshavifunga. Joyness anafua mashuka ambayo tayari ni safi.

Nimeamua kunyamaza. Wanifungue tu. Nimeishi miaka sitini na saba, mguu ni mguu, lakini mkwe kama huyu sitampata tena. Nimemwambia Stanley lolote likitokea mezani asimlaumu mtu. Akaniuliza, amlaumu nani? Nikamwambia aende akafunge kuku.

Niombee. Nikiwa salama nitakuandikia.

Mdogo wako,
Dafroza


Kirua Vunjo
20 Julai 2024

Hellen,

Shikamoo naitoa kwa sababu mama alinifundisha hivyo, siku zile nilipokuwa naisoma barua yako sikuwa nayo.

Ilifika tarehe tisa, kondakta alipitiliza nayo Arusha akaisahau karibu wiki nzima. Stanley aliipokea stendi akaileta imelowa jasho. Niliisoma mara moja nikaona kama imeandikwa kwa mtu mwingine. Nikaisoma tena. Nikachukua karatasi nikakuandikia matusi kurasa mbili, nikazitia jikoni chini ya chungu, nikaanza nyingine, nayo nikaichoma. Sijui nikushike wapi. Nikisema ni kosa lako, naona na mimi nimewadanganya madaktari wawili kwa mdomo wangu. Nikisema ni langu, nakumbuka "usimwambie nimesema mimi" na damu inapanda. Nikisema mlikuwa mnanipenda wote, goti linanikumbusha. Mpaka leo sijapanga vizuri kichwani nani nimkasirikie siku gani.

Ila jambo moja nililijua papo hapo. Nilimwita Joyness nikamsomea barua yako yote, Stanley amesimama mlangoni. Sikuruka neno. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo siyo mimi, mama?" Nikamwambia siyo wewe. Akauliza tena. Nikamwambia siyo wewe, mwanangu. Akakaa chini pale pale sakafuni, akalia kama mtu aliyefiwa mwaka jana na anaambiwa leo. Miezi yote hii alikuwa ananipikia huku akijua ninaugua kutokana na mikono yake. Stanley aliingia akamwinua.

Kesho yake tukaenda kwa Zaheer. Nilitangulia mimi kusema, nikasema sikusimama siku ya tatu, nilisimama baada ya miezi mitatu, na mazoezi sijui hata yanafananaje. Akavua miwani. Akasema, "Mama, kesho nilikuwa nakufungua kutafuta kitu ambacho hakipo." Joyness akamwambia kwa sauti ndogo kwamba karatasi ya mazoezi anayo, aliitunza. Ilikuwa kwenye mfuko wa picha siku zote.

Operesheni imefutwa. Hakuniahidi uzima. Amesema tumechelewa sana, goti lililoganda karibu mwaka halirudi kwa kubembelezwa. Tutalikunja kwa nguvu miezi minne, asubuhi na jioni, halafu apime. Likifika tisini nitakaa kanisani kama watu na maumivu yatapungua. Lisipofika, atafikiria njia nyingine, na kisu kikiwemo. Ametupa mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja anaitwa Arzina, mwembamba ana mikono ya fundi seremala. Alipolikunja mara ya kwanza nilimwita mama yetu kwa jina lake la ubatizo.

Sasa sikiliza. Huyo Arzina namwona mara moja kwa wiki, siku nyingine ni nyumbani. Joyness ndiye anayenikunja. Naumia, napiga kelele, na nikipiga kelele tu anaachia. Jana aliachia mara tisa, yeye analia kuliko mimi. Stanley akiona tunatandika mkeka anakumbuka vitunguu vya Kahe. Arzina amepima akasema tumepata digrii tatu tu wiki nzima, kwa mwendo huu miezi minne itakwisha hatujafika popote. Amesema nahitaji mtu asiyenionea huruma.

Umeniandikia mwenyewe kwamba walilia, walikutukana, ukawasimamisha. Basi njoo unisimamishe. Usingoje Krismasi upande na watu wa Dar na mabegi yao, panda basi wiki hii. Paa liache livuje. Utalala chumbani kwangu, kitanda cha pili Joyness amekwisha kukitandika, na kesho yake asubuhi tunaanza. Nitakutukana, Hellen. Nina ya kukutukana ya miaka kumi na tano na nitayatoa yote, na wewe usiachie.

Mdogo wako,
Dafroza